Waliolala Mkabala na Ngome: Utangulizi wa Kusoma Makaburi ya Mombasa

Mgeni akishuka Mji wa Kale huelekezwa kwanza Fort Jesus, ambayo wenyeji huiita Ngomeni. Atalipa kiingilio, atazunguka kuta ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, atapiga picha mizinga, kisha atatoka akitafuta madafu. Ni wachache wanaogeuza shingo kuyatazama makaburi ya Mazrui, ingawa yako papo hapo mkabala na ngome. Utangulizi huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayetaka kugeuza shingo.

Mwaka 2014 ulimwengu ulilazimika kutazama upande huo. Profesa Ali Mazrui alifariki Binghamton, jimbo la New York, tarehe 12 Oktoba, na wiki moja baadaye akazikwa hapa kati ya jamaa zake. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933, akafundisha Makerere, kisha Marekani, na mwaka 1986 akawaonyesha watazamaji wa televisheni Afrika yenye urithi wa aina tatu. Mwaka 1971 alikuwa ametoa riwaya yake, The Trial of Christopher Okigbo, ambamo wafu wanashitakiana na kutetewa huko ahera. Mtu aliyewapa wafu mahakama na mawakili hakusahau kuacha wasia kuhusu mahali pa kuzikwa. Waandishi wa habari waliofika siku ile waliandika sana juu ya marehemu, wakagusia kidogo tu uwanja aliozikwa.

Hoja yangu kwa anayeingia katika taaluma hii ni kwamba kaburi moja halisomeki peke yake. Anayechukua jiwe lenye maandishi, akanakili jina na tarehe na kwenda zake, ameondoka na kipande cha habari. Kaburi husomwa pamoja na msikiti ulio karibu nalo, kisima, njia, ukuta wa mji na makaburi jirani. Husomwa pia pamoja na makaburi ya jamaa waliozikwa mbali, na hata ya wale ambao hawakupata kaburi linalojulikana. Hili la mwisho ndilo gumu zaidi, nitalirudia.

Tuanze na umri. Mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi, mwanamke aliyetawala mji wa mwanzo kabisa, kisha Shehe Mvita, anayesemekana kuleta utawala mpya na kujenga msikiti wa mawe. Koo za Thenashara Taifa, yaani Miji Tisa na Thelatha Taifa za Kilindini, Tangana na Changamwe, zilijipanga baadaye juu ya msingi huo. Kwa muda mrefu wanahistoria waliotegemea vitabu vya Wareno waliyaona masimulizi haya kama hadithi za vibarazani. Kisha Hamo Sassoon, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Fort Jesus, akachimba katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Pwani, kaskazini mwa Mji wa Kale wa leo, na mwaka 1980 akachapisha matokeo katika jarida la Azania. Chini ya hospitali palikuwa na mji uliokaliwa tangu takriban mwaka 1000. Kwa hiyo Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 na kuwakuta watu wa madhehebu ya Shafii, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi na visima milangoni, aliukuta mji ambao tayari ulikuwa na wafu wa karne kadhaa. Makaburi ya wafu hao yako chini ya barabara, hospitali na shule. Wakazi wa kisiwa hiki hutembea juu ya babu zao kila siku.

Mabaki ya kale yanayoonekana juu ya ardhi ni machache, na mashuhuri kati yake ni mnara wa Mbaraki, upande wa kusini karibu na kivuko cha Likoni. Ni nguzo nene ya mawe ya matumbawe iliyosimama kando ya msikiti mdogo. Wapo wanaosema ni kaburi la mkuu wa taifa la Changamwe. Sassoon aliuchimba pia, na alionyesha kwamba msikiti ule ulitumika katika karne ya 15, ukaachwa, kisha mahali pale pakapata uhai wa namna nyingine: watu walikwenda na ubani na marashi kuomba haja zao kwa pepo. Mwanafunzi wangu akiniuliza Mbaraki ni kaburi, msikiti au makao ya pepo, humwambia achague karne kwanza, kisha ndipo achague jibu.

Makaburi ya mnara yanajulikana pwani nzima, kutoka Somalia hadi Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Mafundi walipachika sahani na bakuli za kauri za Uchina ndani ya lipu ya chokaa, na leo mara nyingi limebaki tundu la duara tu, kwa kuwa kauri zimeng'olewa na wakusanyaji. Kaburi linalotusaidia kupima mengine liko Gedi: limeandikwa mwaka 802 wa Hijria. Msomaji mpya ajifunze hesabu hii mapema: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Kwa 802 utapata 1400 kasoro kidogo, na hesabu kamili ya jedwali inatoa 1399. James Kirkman, aliyechimba Gedi kuanzia 1948 na baadaye kuigeuza Fort Jesus kutoka gereza hadi makumbusho, aliitumia tarehe hiyo moja kupangia vigae na kauri za magofu mengi ya pwani. Kaburi la mtu mmoja likawa mizani ya miji.

Na makaburi ya kawaida, yasiyo na mnara wala kauri? Hapo ndipo kazi yetu kubwa ilipo. Mombasa na Makka ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo kibla cha kisiwa hiki ni kaskazini. Maiti ya Mwislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, ndani ya mwanandani uliochimbwa pembeni ya shimo. Matokeo yake ni kwamba kichwa huwa mashariki na miguu magharibi. Kwa desturi ya zamani ya Wakristo ni kinyume: kichwa magharibi, miguu mashariki, ili siku ya ufufuo mtu ainuke akilitazama jua linakochomoza. Kwa hiyo hapa Mombasa kaburi la Mwislamu na la Mkristo hulala kwenye mstari ule ule, vichwa vikipishana. Mchimbaji anayekuta mifupa bila jiwe wala kuta hulitazama hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Kisha tazama vifaa. Jiwe la matumbawe likikatwa baharini lingali bichi ni laini, huchongeka kwa urahisi na hukauka likawa gumu. Ndilo lililotumika kwa mapambo na maandishi. Jiwe la nchi kavu ni kavu na la hovyo kuchonga, likatumika kwa kuta. Kaburi lenye jiwe la bahari lililochongwa lilihitaji mzamiaji, fundi na mtu anayejua kuandika Kiarabu, na wote watatu walilipwa. Tajiri akifa, hilo hulioni kwenye jina lake pekee, unaliona kwenye ukingo wa kaburi. Jumba la Mtwana, kaskazini ya Mtwapa, kuna kaburi kando ya msikiti wa ufukweni lenye aya inayokumbusha kwamba kila nafsi itaonja mauti. Mafundi waliolichonga walikuwa wa daraja la juu.

Majina nayo yana nahau zake. Mfuate marehemu kwa "bin" na "binti" hadi babu wa tatu au wa nne, kisha fikia nisba: al-Mazrui, al-Mandhry, al-Kilindini. Nisba hukupeleka kwenye msikiti, kwa kuwa koo za Mji wa Kale zilikuwa na misikiti yao. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara wake mweupe wa mviringo, unahesabiwa kuwa wa takriban mwaka 1570. Kuanzia msikitini unaweza kuufuata mtaa, na kuanzia mtaani, hati za nyumba. Wanawake ni shida zaidi. Ukoo uliokuwa tayari kugharimia jiwe kwa mwanamume mara nyingi haukuona haja ya kuandika zaidi ya jina la baba kwa binti yake, nasi tunabaki kumtafuta katika masimulizi ya bibi zetu.

Hapa pana mtego ambao hata waliobobea hunaswa nao. Kaburi lisilo na maandishi si lazima liwe la maskini. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, baba yake Profesa Ali, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na humo alipigana na bidaa pamoja na israfu ya mazishi na matanga. Mwanafunzi wake Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Kadhi Mkuu kuanzia 1968, aliendeleza vita hivyo kwa kalamu kali zaidi. Waliofuata mafundisho hayo walitaka kaburi la udongo tu, lisijengewe wala kupambwa. Kwa hiyo kuanzia karne ya 20 mwanachuoni mkubwa anaweza kulala chini ya kichuguu kisicho na neno, na mfanyabiashara wa kawaida akawa na jiwe la marumaru lililoagizwa kutoka ng'ambo. Anayepima cheo kwa ukubwa wa kaburi atapotea.

Sababu nyingine ya ukimya ni chokaa. Jamaa wema huyapaka makaburi ya wazee wao chokaa tabaka juu ya tabaka, hadi herufi zinazama. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, na sitowalaumu. Lakini kila tabaka linatuondolea nusu milimita ya historia. Na umaskini nao upo, pamoja na utumwa. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zilitunzwa na watu waliotoka bara na Nyasa na Mrima, waliozikwa bila jiwe wala nisba. Orodha ya makaburi yenye maandishi ni orodha ya watu wenye uwezo, na anayeichapisha bila kusema hivyo ameipotosha.

Sasa turudi kwenye makaburi ya mbali. Waomani waliiteka Fort Jesus tarehe 13 Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa miezi 33. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 liwali wa Kimazrui aliwekwa Mombasa, na ukoo ule ukatawala kwa karibu miaka mia moja, mara nyingi bila kumsikiliza mtu wa Maskati. Ungetarajia kuwakuta watawala wote wamepangwa mbele ya ngome. Hawako wote. Muhammad bin Uthman aliuawa ngomeni mwaka 1746. Ndugu yake Ali bin Uthman, aliyetoroka kifungoni na kuirejesha ngome mikononi mwa ukoo, aliuawa Unguja katika miaka ya 1750 akiuzingira mji. Mwaka 1837 Seyyid Said, Sultani wa Oman, alipata alichokitafuta kwa muda mrefu: Rashid bin Salim na wakubwa wenzake wakakamatwa, wakapakiwa jahazini na kupelekwa Bandar Abbas, na huko ndiko maisha yao yalikokwisha. Waliosalimika walikimbilia Takaungu kaskazini na Gazi kusini. Mjukuu wa kisiasa wa matawi hayo, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliwapiga vita Waingereza mwaka 1895 na 1896, akavuka kwenda kwa Wajerumani, na akafia Dar es Salaam mwaka 1910.

Kwa hiyo ukitaka kuusoma uwanja wa Mazrui wa Mombasa, unahitaji ramani inayofika Ghuba ya Uajemi. Sheikh Al-Amin alilijua hilo. Ndiyo maana historia aliyoiandika kwa Kiarabu juu ya ukoo wake, iliyochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, haikai Mombasa tu. Isome kabla ya kuingia makaburini. Soma pia Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi vita vya Mazrui na Seyyid Said na kufariki 1840: tungo zake ziliokolewa kutoka vichwani mwa watu na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na mwaka 1940 William Hichens akazitoa kitabuni. Mawe ya enzi ile yamemomonyoka, mashairi yana afya njema.

Majirani wengine wa uwanja huu nitawapitia haraka. Wareno walikuwa na watawa wa Agostino mjini tangu 1597, na tarehe 16 Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa kwa jina la Dom Jerónimo, aliwaasi, akamuua kapteni ngomeni na Wakristo wengi wakafuata. Luteni Reitz, aliyeachwa na Kapteni Owen kusimamia himaya fupi ya Waingereza mwaka 1824, hakudumu hata miezi minne. Homa ilimmaliza, na jina lake likabaki kwenye maji ya Port Reitz. Rosine, mkewe mmisionari Johann Ludwig Krapf, alifariki Julai 1844 pamoja na mtoto wake mchanga, akazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi lake lipo hadi leo. Makaburi ya Mbaraki yana mawe ya wanajeshi yanayotunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, yamenyooka kwa mstari na nyasi zimekatwa. Wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 hawakupewa mawe ya namna hiyo. Sanamu ya askari iliyozinduliwa mwaka 1927, katika barabara inayoitwa leo Jomo Kenyatta, inasimama badala ya maelfu, na mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kama walivyostahili. Mabohora, Waismailia na Waithnaashari wana viwanja vyao, na Kikowani, Manyimbo na Sarigoi hupokea majeneza ya Waislamu wa leo. Kila kimoja kinastahili kitabu.

Jambo ambalo vitabu vya magofu hulikwepa ni ardhi. Makaburi mengi ya zamani yalichimbwa pembeni ya mji. Reli ilipoanzia Mombasa mwaka 1896 na bandari kuhamia Kilindini, mji ulipanuka kuelekea magharibi na kuyazunguka. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa pwani wathibitishe madai yao mbele ya serikali ya kikoloni, na kwa asiyekuwa na karatasi, kaburi la babu, msikiti na minazi ndio walikuwa mashahidi. Leo mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Eneo la kaburi likiwa wakfu, Tume ya Wakfu ina neno. Likiwa turathi, Makumbusho ya Taifa yana neno chini ya sheria ya 2006. Likiwa katikati ya Mji wa Kale, mtu mwenye ghorofa nne za kujenga naye ana neno, na mara nyingi huongea kwa sauti kubwa kuliko wote. Fort Jesus iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Naona ni kosa la watunga sera kuifikiria ngome kama kisiwa ndani ya kisiwa: bila makaburi ya mbele yake, ni jengo la kijeshi la Wareno tu, na historia ya waliolitawala baadaye kwa karibu karne moja imebaki nje ya lango.

Adabu za kazi ni chache. Omba ruhusa kwa ukoo au kwa msimamizi wa msikiti kabla ya kufungua daftari. Toa salamu kwa wenyeji wa mahali, walio juu na walio chini. Usikwangue chokaa, usimwagie jiwe maji wala unga ili herufi zitoke. Piga picha asubuhi au alasiri, jua likiwa la upande, vivuli vitakusomea. Andika mwelekeo wa kaburi hata kama unadhani unaujua. Muulize mchimba kaburi, kwa kuwa anajua ni wapi sururu hugonga jiwe la kale. Usiende na wageni siku ya Idd, wenyewe wanapozuru.

Kuna orodha ya maandishi ya Kiarabu ya pwani iliyotolewa na Freeman-Grenville na Martin mwaka 1973, na kuna kazi ya Allen na Wilson ya 1979 juu ya nyumba na makaburi ya pwani ya Kenya. Zote mbili ni za Kiingereza, na zote mbili zimepita umri wa wasomaji wengi wa utangulizi huu. Orodha ya Kiswahili ya makaburi ya Mji wa Kale, uwanja kwa uwanja, ingetungwa vizuri zaidi na vijana wa Kibokoni na Kuze kuliko na mtafiti wa kuja na kuondoka. Kama nyumbani kwenu kuna daftari la nasaba, kitabu cha hitima chenye majina ya marehemu, au mzee anayejua nani amelala kando ya nani, anzeni na hilo mwaka huu, na nakala moja mpelekeeni mhifadhi wa maktaba ya Fort Jesus.